Kuku Huria na Wanyama Wengine wa Nyumbani: Nani Ale Wapi, Nani Alale Wapi

(Hotuba kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji, mkoani Singida)

Ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu mtendaji, wazee wetu, mama zangu, na vijana mliofika, habari za asubuhi.

Afisa ugani wetu alinikusanyia maswali yenu mapema, na mengi yanahusu mwewe na kicheche. Nitayajibu. Ila naomba kwanza tuwatazame wanyama tusiowaogopa kwa sababu ni wa kwetu: mbwa anayelala mlangoni, paka wa jikoni, mbuzi, ng'ombe, punda wa kubebea maji, bata, njiwa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuzunguka kaya za mkoa huu, na kuku wengi niliowakuta wamekufa waliuawa na jambo lililoanzia ndani ya ua. Mwewe akichukua kifaranga mmoja, watoto wote hupiga kelele. Ndoo ya maji inayonywewa na kila kiumbe cha pale nyumbani inaweza kumaliza kuku wa kaya nzima, na hakuna anayeipigia kelele.

Sikuja kuwaambia mfungie kuku. Kuku wa Singida anatafutwa hadi masoko ya Dar es Salaam kwa sababu amechakura. Nyama yake imekaza, mchuzi wake una ladha, na sehemu kubwa ya chakula chake amejitafutia mwenyewe. Mkimfungia mchana kutwa mkamnunulia kila punje, faida yake itaishia kwenye duka la pembejeo. Ninachotaka ni kuku aendelee kuzunguka, na kila mnyama wa hapo nyumbani awe na mahali pake pa kula, pa kunywa na pa kulala, na saa yake ya kufunguliwa. Hilo ndilo neno langu la leo.

Tuanzie zizini, kwa sababu huko kuku anafanya kazi ambayo hatumlipi. Mnawaona asubuhi wakiwafuata ng'ombe, wakidonoa miguuni na tumboni, wakichakura samadi. Wanakula kupe. Mwaka 1991 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: waliwaacha kuku wachakure kwa muda usiozidi saa moja miongoni mwa ng'ombe wenye kupe, kisha wakawapasua, na ndani ya gole na firigisi za kuku hao wakakuta makumi ya kupe. Kwa hiyo mzee anayewafungulia kuku wake kabla ng'ombe hawajatoka zizini anafanya jambo la maana, hata kama hajawahi kusikia habari za utafiti. Wafungulieni mapema, wapate nusu saa na ng'ombe kabla ya kwenda malishoni. Lakini msiache kuogesha ng'ombe kwa sababu mna kuku. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haisubiri kuku ashibe, na kupe walio ndani ya masikio kuku hawafikii wote.

Tatizo la zizini ni hori, chombo cha kulishia mifugo. Kuku anapenda kutaga ndani ya hori, anapenda kulala ukingoni mwake, na anapolala anakunya. Majani yenye kinyesi cha kuku mbuzi anayakataa, na akiyala kwa njaa anakula na vimelea. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Kuku akifia ndani ya malisho makavu, kwenye mabua mliyorundika au nyasi za akiba, mzoga ule ukioza hutengeneza sumu ya botulizimu. Ng'ombe akila malisho yaliyochanganyika nao analegea miguu, anashindwa kumeza, analala na haamki tena. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono desturi ya kuwapa ng'ombe samadi ya banda la kuku kama chakula cha nyongeza. Inueni hori kutoka ardhini, wekeni fito za kusimama juu yake zinazomzuia kuku kuingia na kumruhusu mbuzi kupitisha kichwa, na pale jirani wekeni viota vya kutagia vyenye majani makavu. Kuku akipewa mahali pazuri zaidi pa kutagia, penye giza na utulivu, hori ataliacha mwenyewe.

Sasa chakula. Hapa Singida tuna mashudu ya alizeti, tuna pumba, tuna mtama na uwele, na kila mnyama wa nyumbani anavitamani. Mbuzi akivunja mlango wa stoo akala pumba au mtama hadi ashibe, kesho yake anaweza kuwa amekufa. Tumbo lake limeumbwa kwa majani. Nafaka nyingi kwa ghafla huchachuka humo, asidi inazidi, anavimba, anasaga meno, anaharisha, anaanguka. Nimeitwa mara nyingi kumtazama mbuzi wa namna hiyo na kukuta jamaa wanasema amerogwa au amelishwa sumu na jirani. Mlango wa stoo uwe na komeo, na chakula cha kuku kimwagwe mahali ambapo mbuzi hapiti: chini ya uchaga mfupi, au ndani ya wigo wa fito wenye nafasi za kupita kuku tu.

Kwa wenye punda nina onyo la pekee, na naomba mlifikishe kwa ambao hawakufika. Baadhi ya vyakula vya kiwandani vya kuku, hasa vya kuku wa nyama, vimewekwa dawa ya kuzuia kuhara damu, kama monensini au salinomisini. Kuku anazivumilia. Punda hazivumilii hata kidogo, wala farasi. Kiasi kidogo tu huharibu moyo wake na misuli yake, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Msimpe punda mabaki ya mfuko wa chakula cha kuku kwa kumhurumia, na msiuache mfuko ulio wazi mahali anapofungwa. Kaya ambayo maji yake hutoka kwa punda, siku punda akifa akina mama ndio wanaobeba ndoo.

Nije kwa mbwa na paka.

Mbwa mzuri ni rafiki mkubwa wa kuku. Kicheche, nguchiro na fungo hawapendi ua wenye mbwa anayeamka usiku. Lakini mbwa hazaliwi akijua kwamba kuku si windo. Aletwe akiwa mdogo, azoee kuwaona kuku wazima wakipita, na akianza kuwakimbiza azuiwe siku ileile na kila mara, kwa sauti na kwa kamba, kabla mchezo haujawa tabia. Alishwe kwa saa maalumu, kwa sababu mbwa mwenye njaa hafundishiki. Na jambo ambalo tunaliharibu wenyewe: kuku akifa, tunamrushia mbwa. Tumemfundisha ladha, na tumesambaza ugonjwa, maana mbwa ataukokota mzoga hadi kwa jirani na kuyatawanya manyoya njia nzima. Mzoga ufukiwe shimo refu, juu uwekewe majivu na mawe, au uchomwe kabisa. Maganda ya mayai yapondwe kabla ya kutupwa, kwa sababu ganda zima humfundisha mbwa, na kuku mwenyewe, kutafuta mayai kwenye viota. Na mbwa huyo achanjwe kichaa kila mwaka. Hilo ni kwa ajili ya watoto wetu.

Paka tunamhitaji kwa panya, na panya ni adui wa vifaranga na mayai. Paka mkubwa kwa kawaida humheshimu kuku mwenye vifaranga, kwa sababu ameshadonolewa usoni. Anayesumbua ni paka asiyelishwa kabisa kwa imani kwamba njaa itamfanya awinde panya. Njaa inamfanya awinde kilicho karibu, na kifaranga yuko karibu kuliko panya. Mpeni chakula kidogo jioni. Na mkishafuga paka, acheni sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anatoka mchana akiwa amelegea, paka anamkamata, mbwa anamla, kuku anamdonoa, na sumu iliyotegwa stoo inawaua wanyama ambao hawakutegewa.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye viroboto, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakihangaika bure. Mnawajua wale viroboto weusi wanaong'ang'ania kuku kuzunguka macho na kwenye upanga, wamejipanga kama mbegu za ufuta. Kifaranga akipata wengi anaishiwa damu, anashindwa kufumbua macho, anakufa. Mfugaji anawatoa kwa mkono, anapaka, baada ya wiki chache wamerudi, anasema dawa za siku hizi ni feki. Tazameni masikio ya mbwa wenu. Tazameni paka. Kiroboto huyu anaishi kwa kuku, kwa mbwa, kwa paka na hata kwa panya. Jike lake linang'ang'ania ngozi, mayai yanaanguka chini, na watoto wake wanakulia kwenye mchanga mkavu wenye kivuli, yaani palepale mbwa anapolala mchana na kuku anapooga vumbi. Ukimtibu kuku peke yake umetibu theluthi ya ugonjwa. Siku moja watibiwe wote, na ardhi ifagiliwe, mchanga wa juu uondolewe, pale mbwa anapolala pamwagwe maji na pasafishwe, kisha kazi irudiwe kila wiki kwa mwezi mmoja au miwili, maana mayai yaliyobaki ardhini yataendelea kuanguliwa. Kuzunguka macho ya kuku pakeni mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando. Yanawaziba pumzi viroboto na hayamuumizi. Mafuta ya taa yanamchoma macho, na nimeona kuku waliopofuka kwa sababu hiyo.

Na dawa yenyewe, ndugu zangu, isomwe kibandiko. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haikutengenezwa kwa ajili ya kifaranga. Nimekuta watu wanachovya kuku kwenye ndoo ileile waliyotoka kuogeshea ndama, kwa vipimo vilevile. Na zile dawa za jamii ya permethrini, ambazo kwa ng'ombe na mbwa hutumika bila shida, kwa paka ni sumu kali: anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Kabla ya kununua mwambieni mwenye duka la dawa za mifugo kwamba nyumbani mna kuku, mbwa na paka, na kila mmoja ana uzito gani. Akikuuzia chupa moja kwa ajili ya wote bila kuuliza swali lolote, nenda duka lingine au umpigie afisa ugani.

Nimefika kwa bata, na hapa ndipo penye uchungu zaidi. Mnajua kideri, wengine tunauita mdondo. Mwishoni mwa kiangazi unaamka unakuta kuku wamenyong'onyea, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani, wanakoroma, mwingine shingo imepinda, na baada ya siku chache umebaki na kuku wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hauna tiba. Kuku ambao hawajachanjwa, ukiwaingia vizuri, karibu wote wanakwisha. Kuna mama mmoja ameuliza kwenye karatasi: mbona kila mwaka kuku wangu wanakufa na bata wangu wanabaki, je, bata wana dawa mwilini?

Mama yangu, swali lako ni zuri kuliko yote niliyoletewa. Bata anaweza kuambukizwa virusi vilevile vya kideri na asioneshe dalili yoyote. Anakula, anatembea, anaogelea kwenye beseni, na virusi vinatoka kwenye kinyesi chake. Kisha kuku wanakuja kunywa kwenye beseni lile. Umenunua kuku wapya baada ya msiba, umewaleta penye bata walewale na maji yaleyale. Kwa hiyo bata wapewe maji yao, upande wa chini wa ua ili yanayomwagika yasielekee kwa kuku, na walale banda lao. Chombo cha maji cha kuku kiinuliwe kwenye tofali, kiwe chembamba kiasi kwamba kuku anaingiza mdomo na bata haingizi mwili, kioshwe kila siku. Bata pia hulowesha kila mahali anapopita, na banda lenye unyevu ndilo linaloleta kuhara damu kwa vifaranga. Njiwa nao hupata virusi vya jamii hiyo na wanaruka kutoka kaya hadi kaya, basi chakula cha kuku kisimwagwe chini ya kizimba cha njiwa.

Wanaotamani kufuga bata mzinga kwa ajili ya soko la Krismasi, nawasihi msiwachanganye na kuku hata kwa kupishana msimu. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo ambayo ndani ya mayai yake kuna kimelea kinachoshambulia ini la bata mzinga. Kuku mwenyewe haumwi sana. Bata mzinga anakufa. Na mayai hayo hubaki ardhini muda mrefu, kwa hiyo kuwahamisha kuku leo na kuleta bata mzinga mwezi ujao pale pale hakusaidii kitu. Mwenye nguruwe naye awafungie. Nguruwe anayezurura hula mayai, hula vifaranga, na humpiga kuku anayeatamia.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa suala la kideri kamba hiyo ni kinga. Kuku wa zawadi, kuku wa mahari, kuku aliyetoka kwa shemeji, akae peke yake wiki 2, mbali na wenzake, chombo chake cha maji pembeni, ahudumiwe wa mwisho. Anayesahauliwa ni kuku wetu wenyewe aliyepelekwa mnadani asubuhi, akafungwa miguu pamoja na kuku wa vijiji kumi, akakosa mnunuzi, jioni akarudishwa nyumbani na kufunguliwa kamba moja kwa moja. Huyo sasa ni mgeni. Naye akae wiki 2. Kama hamwezi, basi akipelekwa mnadani auzwe kwa bei iliyopo, au achinjwe jioni ile.

Niliahidi mwewe na kicheche. Mwewe ni adui wa mchana na wa mahali pa wazi. Ua uliofyekwa mpaka ukawa kama uwanja wa mpira ni karamu yake. Acheni vichaka vifupi, tengenezeni vichanja vya majani kimo cha goti, kuku akilia vifaranga wawe na pa kujificha. Lakini kinga ya kweli ni kutowafungulia vifaranga mapema. Wiki 4 za kwanza wakae na mama yao kwenye tenga kubwa au kibanda chenye wavu, walishwe humo na wanyweshwe humo. Mbuzi hawatawakanyaga, mbwa hatawachezea, bata hatalowesha chakula chao. Baada ya hapo mama akitenganishwa nao anarudi kutaga mapema, badala ya kuzunguka nao miezi miwili mitatu. Kicheche yeye ni wa usiku na wa matundu. Banda la kulala liinuliwe kwa nguzo, nguzo zivikwe bati laini ili panya na nyoka wasipande, na kila tundu linalopitisha vidole viwili lizibwe. Mita 1 ya mraba inatosha kuku wakubwa 5 hadi 8. Jua likizama, wahesabiwe, mlango ufungwe.

Na walale hukohuko bandani, wasilale jikoni wala chumbani. Najua wanaingizwa ndani kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini mtoto anayetambaa anaweka mkononi na mdomoni kila anachookota sakafuni, na kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyowaharisha watoto wadogo vibaya. Jengeni banda ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha mnakolala, mlango wake utazame mlango wenu. Mwizi atasikika, na mtoto atatambaa mahali safi.

Mwisho ni chanjo, na hili ni tangazo. Chanjo ya kideri ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kule Kibaha. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ndiyo maana inafika vijijini kwetu, lakini hiyo si ruhusa ya kuianika juani. Tone moja kwenye jicho moja, kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi 3. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo kumchanja kuku wakati jirani ameshaanza kuzika wake ni kuchelewa. Kuku mgonjwa asichanjwe.

Wachanjaji wetu wataanza Jumamosi ijayo, upande wa kisimani kwanza, kisha upande wa shule. Siku hiyo msiwafungulie kuku asubuhi mpaka mchanjaji apite, kwa sababu kuku akishatoka kuchakura hakamatiki, na ambaye hakuchanjwa ndiye atakayebaki mlango wa ugonjwa kwa kaya zote. Mbwa afungwe kamba. Chupa ikishachanganywa dawa inatumika siku ileile, basi kaya zinazofuatana zijipange, watu wawepo nyumbani. Mwenye bata au njiwa amwambie mchanjaji idadi yao, ili tujue ni ua upi wa kurudi kuutazama maji yake. Mwenyekiti anayo orodha ya kaya pale mezani. Ambaye jina lake halimo aje aandikishe sasa hivi kabla hatujatawanyika.